Tikiti Yaishia Nairobi, Msafiri Hajafika

Alhamisi moja ya mwaka jana nilikuwa nimeketi Tassia, upande wa mashariki wa Nairobi, ghorofa ya tano, nyumbani kwa binti ya ami yangu, nikingojea kutimiza kazi nisiyoipenda. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Msambweni, alikuwa angani akirudi kutoka Riyadh baada ya miaka miwili na miezi kadha ya kazi ya nyumba. Babake alifariki alfajiri ya siku ile ile. Dada alinipigia simu kabla ya jua kupanda akaniambia: "Kaka, wewe uko huko huko Nairobi. Mpokee mwanao, na umwambie wewe kwa mdomo wako. Asiambiwe na simu."

Wasomaji wa Pwani ambao hawajapata kufika Tassia wataniwia radhi nikiwaeleza kidogo. Ni mtaa ulio ndani ya Embakasi, jirani na Fedha na Pipeline, hauko mbali na kiwanja cha ndege. Ardhi yake ilikuwa ya NSSF, nayo ikakatwa viwanja, na juu ya viwanja yakapanda majumba ya ghorofa yaliyokaribiana hata mtu aweza kumpa jirani yake chumvi dirishani. Maji hupandishwa kwa mitungi. Desemba 2019 jumba moja la ghorofa sita liliporomoka huko na kuua watu, na tangu hapo binti ya ami yangu hupiga bismillahi kila akanyagapo ngazi ya kwanza. Kwa nini asihame? Kwa sababu kodi yalipika, na kwa sababu nyumba yake imekuwa bandari. Watu wetu wa Kwale, wa Kilifi, wa Lamu, waendao Arabuni na warudio, hulala kwake usiku mmoja au miwili. Godoro la wageni halikauki.

Basi mpwa wangu alisafiri hivi. Jumatano jioni aliondoka Riyadh. Usiku alishushwa katika mji wa kupitia, nao sitautaja, akaketi saa kumi na moja juu ya kiti cha chuma. Alhamisi asubuhi akapandishwa ndege nyingine. Alipotua Nairobi ilikuwa saa tisa za mchana. Babake alikuwa amekwisha swaliwa baada ya Adhuhuri na kuzikwa. Kwa hivyo wakati jeneza lilipotoka nyumbani yeye alikuwa juu ya mawingu, amefungwa mkanda, pengine akiletewa chai.

Na bado safari yake haikuwa imekwisha. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 480 kwa barabara. Kisha kuna feri ya Likoni, na baada ya feri kuna matatu ya kwenda Msambweni. Hesabu mwenyewe, msomaji, vipande vya safari hiyo.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, wala si kwa sababu ya msiba peke yake. Sisi Waislamu hatuweki maiti. Wenzetu wa bara waweza kungojea wiki mbili, mtoto atoke London au Boston, michango ikusanywe, ndipo wazike. Kwetu sisi mazishi hayangoji tikiti. Binti hafuati jeneza makaburini, hilo twalijua, lakini hupewa nafasi ya kumwona babake uso kabla ya kufunikwa. Saa tano au sita za kungoja katika kiwanja cha ndege, ambazo kwa mtalii ni usumbufu tu, kwetu sisi ndizo zitengazo kuuona uso na kulikuta kaburi bichi. Kwa hiyo suala la njia ya ndege ipi yafika Mombasa, ambalo magazeti hulitia katika kurasa za biashara, mimi naliona ni la majumbani mwetu.

Zamani njia ilikuwa ndefu lakini ilikuwa moja. Jahazi lilitoka Sur au Maskati kwa upepo wa kaskazi, likashuka likiufuata mwambao hadi likatia nanga Bandari ya Kale ya Mombasa, na kusi ilipovuma likarudi. Mtu alikaa baharini wiki kadha, lakini alipanda Manga akashukia kwao. Hakuna nahodha aliyempitisha abiria wake Nairobi. Leo mwendo wa mwezi umekuwa mwendo wa saa tano, na bado mtoto wa Msambweni hufika kwao siku ya tatu.

Sababu ni nini? Wengi husema ni uonevu na kumaliza maneno. Mimi nasema tulifungue fundo uzi mmoja mmoja.

Ndege za kimataifa hazitui popote zipendapo. Tangu mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kila dola ina mamlaka juu ya anga lake, na mashirika huruhusiwa kwa mapatano baina ya serikali na serikali: shirika fulani, mji fulani, safari kadha kwa wiki. Kenya, kama nchi nyingi, imeyatumia mapatano hayo kulilinda shirika lake. Kenya Airways lilizaliwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa lile la Afrika Mashariki, likauziwa watu binafsi mwaka 1996, na biashara yake yote imejengwa juu ya kuwakusanya abiria Nairobi na kuwatawanya kutoka Nairobi. Ukiwaruhusu wageni watue Mombasa wapendavyo, abiria wa Mombasa hawatapita tena Nairobi. Hiyo ndiyo hofu, na si hofu ya kipumbavu. Shirika hilo lilipata hasara zaidi ya miaka kumi mfululizo kabla ya kutangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024. Watu wetu pia wamo katika kazi zake. Mwenye kusema "lifunguliwe anga lote kesho" ataje na nani atakayewalisha watakaoachishwa.

Lakini hoja hiyo yaingia ufa ukikumbuka jambo moja. Miaka ya sabini na themanini, na baadaye, ndege za kukodi zilitoka Ulaya na kutua Mombasa moja kwa moja zikiwa zimejaa watalii. Mjerumani alipanda Frankfurt asubuhiye akaogelea Diani. Kwa mgeni mwenye fedha za kustarehe anga la Mombasa lilikuwa wazi. Na Diani na Msambweni ni barabara moja! Kiwanja kile cha Port Reitz, kilichopewa jina la Moi, kilipanuliwa kwa ajili ya wageni hao. Sisi tulikijua zaidi kwa kwenda kuwauzia vinyago.

Mambo yamebadilika kidogo, na haki isemwe. Shirika la Waturuki limefika Mombasa tangu 2012. Qatar Airways walianza safari za kutoka Doha Desemba 2018. Januari 2024 flydubai wakaanza kutoka Dubai, mara nne kwa wiki. Wahabeshi wamekuwa wakitua Mombasa kwa miaka mingi. Na mwaka 2018 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizojiunga na soko moja la usafiri wa anga lililozinduliwa na Umoja wa Afrika. Viongozi wa Pwani, waliopita na waliopo, wamelilia anga lifunguliwe zaidi, na kila mara kilio chao huwa ni watalii, watalii, watalii. Sijasikia hata mmoja akisimama akasema: lifungueni kwa ajili ya wasichana wetu walioko Riyadh na Dammam. Pengine kwa kuwa wasichana hao hawalali hotelini.

Hata hivyo tusijidanganye. Ndege ikitoka Dubai kila siku ikatua Mombasa, mpwa wangu asingeipanda. Kwa nini? Kwa sababu tikiti si yake. Kwa mkataba wa kazi ya nyumba huko Saudia mwajiri ndiye alipaye nauli ya kurudi muda utimiapo, na alipaye ndiye achaguaye. Mkataba wasema mfanyakazi arudishwe nchini kwake. Nchi yake ni Kenya, na Kenya katika kompyuta ya mwuza tikiti ni herufi tatu za Nairobi. Mwajiri hutafuta bei ya chini, na bei ya chini hupatikana kwa viraka: shuka hapa, ngoja pale, panda tena. Akishamtua Nairobi, ametimiza wajibu wake. Zile kilomita 480 na ile feri si deni lake.

Wala siku ya kuondoka haichagui yeye. Machi 2021 Saudia ilitengeneza sheria za kazi, wafanyakazi wengi wageni wakapata ruhusa ya kutoka nchini bila ya idhini ya mwajiri. Watumishi wa nyumbani hawakuingizwa katika faraja hiyo. Mpwa wangu alikwisha miaka yake miwili, akaambiwa ngoja Ramadhani ipite, akangoja. Akaambiwa ngoja mgeni aje badala yako, akangoja. Babake alikuwa hai miezi yote hiyo.

Najua wapo masheikh watakaouliza maharimu wake alikuwa wapi katika safari zote hizo. Ni suala la haki, nami sina jawabu la kuwatosheleza. Naomba tu waliulize pia katika mlango wa nyumba isiyo na unga, kabla msichana hajatia sahihi kwa wakala. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu kiasi cha dola bilioni 4.9 zilizoletwa nchini na Wakenya walio ng'ambo mwaka 2024, na Saudia imepanda kuwa miongoni mwa nchi za mbele kabisa zitokamo fedha hizo. Hao ndio wanaotumwa. Dola yapenda fedha zao zifike mara moja kwa simu, wao wenyewe wafike watakavyofika.

Lililo karibu na uwezo wetu, kwa maoni yangu, si anga. Ni neno moja katika mkataba. Mikataba hii hupita mikononi mwa serikali mbili, na mawakala wa huku hupewa leseni Nairobi. Iandikwe kwamba mfanyakazi atarudishwa hadi kiwanja cha ndege kilicho karibu na kwao, kama vile iandikwavyo mshahara wake. Mwajiri wa Riyadh hatajali sana. Ataongeza riyali chache. Wa Kisumu atafika Kisumu na wa Mombasa atafika Mombasa. Na hapo mashirika, pamoja na letu lenyewe, yatakuwa na sababu ya kuwatafuta abiria hao badala ya kuwaachia mabasi.

Kiwanja chenyewe cha Embakasi kina habari yake. Kilifunguliwa Machi 1958, na katika waliokijenga walikuwamo wafungwa wa Mau Mau, watu walioondolewa majumbani mwao kwa nguvu. Nilipokuwa nimesimama pale mchana ule, nyuma ya kizuizi, pamoja na madereva wenye vibao vya majina, hilo lilinijia akilini, nami nikaliondoa haraka kwa kuwa nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia mtoto.

Alitoka mikono mitupu. Sanduku lake halikuonekana. Ameambiwa lifuatalo shirika litampigia simu. "Shikamoo mjomba," akasema, kisha akanitazama. Sikumwambia pale. Nilimwambia Tassia, baada ya kunywa maji, na binti ya ami yangu amemshika mkono. Hakupiga kelele. Aliuliza nani aliyemwosha, na nani aliyeswalisha, na kama mamake ameanza eda. Nikamjibu moja moja.

Kisha akauliza jambo ambalo mimi, niliyekaa chuoni miaka tisa, sikulitarajia. Alasiri yataka kuswaliwa, na Adhuhuri hakuipata kule angani. Je, akusanye na kupunguza, au akamilishe? Maana amekwisha fika Kenya. Nikamwambia katika madhehebu yetu ya Shafii msafiri ni msafiri hata afike kwao, madhali hakutia nia ya kukaa siku nne kamili mahali pa njiani; na Tassia, pamoja na wema wa wenyewe, si kwao. Akaswali rakaa mbili mbili. Halafu tukasimama sote watatu, tukamswalia babake Swala ya Ghaibu, nami nikiwa mbele, juu ya zulia lililokunjwa nusu kwa sababu chumba ni kidogo. Chini barabarani muuza maji alikuwa akigonga mitungi yake.

Usiku ule tukapanda basi. Ijumaa asubuhi tukavuka Likoni, feri imejaa wafanyakazi waendao upande wa pili, na kabla ya Adhuhuri tulikuwa Msambweni. Alipita kwanza kwa mamake, kisha kwa mwanawe wa miaka minne aliyejificha nyuma ya mlango akamwita "shangazi".

Sanduku lilifika Tassia siku ya nane, likatiwa katika basi kama mzigo, likaja. Ndani mlikuwamo blanketi mbili, udi, zafarani, na juba jeupe alilomnunulia babake. Ndugu zake wakaleta suala kwangu: je, juba liingie katika mirathi? Nikawaambia haliingii. Hiba haitimii ila kwa kukabidhiwa, na marehemu hakulipokea, kwa hiyo juba lingali mali ya aliyelinunua. Akampa ndugu yake mdogo, ambaye lilimpwaya mabegani, naye akalivaa Ijumaa iliyofuata.