Roboti Ndani ya Sanduku

Katika mwaka wa 1974 kampuni ya Popy ya Japani, iliyokuwa tawi la kampuni ya Bandai, ilitoa sokoni mwanasesere mdogo wa roboti aliyekwisha julikana sana na watoto wa nchi hiyo. Jina lake lilikuwa Mazinger Z. Filamu yake ya katuni, iliyotokana na hadithi za picha za msanii Go Nagai, ilianza kuonyeshwa katika televisheni Desemba 1972. Na katika hadithi hiyo mwili wa roboti umefuliwa kwa madini ya kubuniwa yaitwayo kwa Kijapani Chogokin, maana yake aloi ipitayo aloi zote. Kampuni ikalichukua neno hilo, ikalipiga chapa juu ya sanduku. Ndani ya sanduku, bila shaka, hamkuwa na madini ya ajabu: mlikuwa na zinki.

Hivi leo, baada ya nusu karne, wanasesere hao na wenzao hutafutwa na wakusanyaji wa Japani, Ulaya na Marekani kwa bidii ile ile ambayo watu wengine hutafuta stempu na sarafu za kale. Jambo hilo si la kuchekwa. Linalostahili kulaumiwa ni desturi moja ya soko lao, nayo ni kumthamini kuliko wote mwanasesere ambaye sanduku lake halijapata kufunguliwa. Bei humpanda yule ambaye hakuchezewa, hakuguswa, wala hakutazamwa. Desturi hiyo yaweza kuhifadhi fedha za mwenyewe. Kuhifadhi kitu chenyewe ni jambo jingine, na kemia yaonyesha kwamba mara nyingi mambo hayo mawili hupingana.

Yatazamwe madini kwanza, maana ndiyo yaliyo salama zaidi. Zinki huyeyuka katika joto la nyuzi 420 hivi za Sentigredi, ilhali chuma chahitaji zaidi ya nyuzi 1,500. Kwa hiyo aloi ya zinki yaweza kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya feleji, ikatoa umbo lenye nakshi ndogo mno, tena kwa gharama nafuu. Adui wake ni risasi. Risasi ikiingia katika aloi hiyo, hata kwa kiasi kidogo sana, unyevu wa hewa hupenya katikati ya fuwele zake, nayo aloi huvimba, hupasuka, na mwishowe humomonyoka kama mkate mkavu. Hiyo ndiyo ajali iliyovipata vichezeo vingi vya Ulaya na Marekani vya miaka ya 1920 na 1930. Kinga yake, yaani kutumia zinki safi ya asilimia 99.99, ilikwisha julikana zamani kabla ya Mazinger Z kuzaliwa, na kwa sababu hiyo wengi wa mwaka 1974 wangali imara chini ya rangi yao iliyobanduka.

Plastiki haikujaliwa bahati hiyo. Vinili laini huwa laini kwa sababu imetiwa vilainishi, navyo ni vitu vya mafuta ambavyo havikufungamana na plastiki kwa nguvu. Miaka ikipita vilainishi hujitokeza nje, na uso wa mwanasesere hunata. Kiungo cha vinili kikilazwa juu ya povu gumu la polistaireni, yaani lile povu jeupe la kufungashia bidhaa, mafuta hayo hulilainisha na kulila, na vitu viwili vilivyowekwa pamoja ili visiumizane hugandana. Raba hukauka ikapasuka. Betri iliyosahauliwa tumboni mwa roboti huvuja na kula shaba ya nyaya zake. Ni kweli kwamba sanduku huzuia mwanga, na hilo ni jema, kwa maana plastiki iliyo juani hushika oksijeni, ikabadilika rangi na kuwa dhaifu, jambo linalofahamika na kila aliyepata kuiacha ndoo uani. Lakini sanduku hilo hilo huuzuia mvuke usitoke, huyafungia pamoja mambo yasiyopatana, na zaidi ya yote humzuia mwenyewe asione kinachotendeka mpaka kimekwisha tendeka.

Tena habari nyingi za kitu zimo ndani yake. Mara baada ya Vita Kuu ya Pili mafundi wa Japani walifanyiza vichezeo kwa bati la makopo yaliyotupwa na majeshi ya Marekani, na katika baadhi ya vichezeo hivyo maandishi ya kopo yangali yakisomeka upande wa ndani. Maandishi hayo yaeleza uhaba wa mwaka 1945 kuliko kurasa nyingi za vitabu. Mtu asiyekifungua kichezeo hawezi kuyasoma.

Watetezi wa sanduku husema kwamba karatasi, picha na bei vilivyochapwa juu yake navyo ni ushahidi. Wasema kweli, basi sanduku litunzwe kando ya mwanasesere. Hata hivyo si vyepesi kuutetea mfano wa Gundam. Filamu yake ilianza mwaka 1979, na Julai 1980 Bandai ikaanza kuuza vipande vya plastiki ili mtoto amuunge roboti huyo mwenyewe, kwa yeni 300 na kwa kipimo cha 1/144. Katika hadithi Gundam ana urefu wa mita 18. Mwanafunzi na apige hesabu, ataona kwamba aliyekwisha ungwa ana sentimeta 12.5. Vipande visivyopata kuungwa kwa zaidi ya miaka 40 ni kama kitabu ambacho kurasa zake hazikukatwa.

Wapo pia Jumbo Machinder, roboti wakubwa wa mwaka 1973, wenye urefu wa sentimeta 60 hivi, waliofanywa kwa polithini kama ile ya chupa za sabuni ya nywele. Ngumi yao hufyatuka kwa springi, na kwa hiyo ngumi nyingi zimepotea. Soko huwahesabu hao kuwa na kasoro. Mwanahistoria angewahesabu vingine, kwa sababu roboti mwenye ngumi zote huonyesha alichokifanya kiwanda, na asiye na ngumi huonyesha alichokifanya mtoto.

Inafaa basi kila roboti awe na kadi yake, yenye mwaka, kiwanda, aina za plastiki na madini, na hali aliyokutwa nayo. Atazamwe kila mwaka, na vinili itengwe na povu. Na pale ngumi inapokosekana, iandikwe kwamba haipo, wala isinunuliwe mpya ikapachikwa kimyakimya mahali pake.