Kujiweka Tayari kwa Krismasi

Muhula wakaribia kwisha, na katika mabweni yetu habari ni moja tu: safari ya nyumbani na sikukuu. Huyu ahesabu nauli ya basi, yule aeleza shati atakaloshonewa, na mwingine ameshaanza kula pilau kwa maneno. Sina neno juu ya furaha hiyo. Lakini napenda kuwauliza wenzangu Wakristo swali moja: tukishapata nguo na nauli, je, tumekuwa tayari?

Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na wengineo huweka Jumapili nne za Majilio kabla ya Krismasi. Ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia, ambao Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, hufunga zaidi ya siku 40 bila kula nyama wala maziwa. Basi tangu zamani Wakristo wamejua kwamba sikukuu hii haifai kuingiwa kwa ghafula, kama mgeni asiyepiga hodi.

Nitatoa mfano, na mfano wenyewe ni mimi. Mwaka jana, katika likizo fupi ya mwezi wa Septemba, nilimwambia mama kwamba shuleni pana mchango wa shilingi 20,000. Mchango huo haukuwapo. Mama aliuza kuku wawili akanipa fedha, nami nikanunua viatu vya Krismasi. Aliponiuliza habari za viatu nilisema nimepewa na rafiki, maana uongo mmoja haukai peke yake.

Majilio yale nilihudhuria ibada zote, nikasali asubuhi na jioni, na nyimbo za kwaya nilizijua zote. Lakini siku ya Krismasi nilikaa kanisani karibu na mama, naye amevaa kandambili zilizotoboka kisigino. Kila nilipotazama chini niliviona viatu vyangu. Sikuweza kuimba.

Mwaka huu, likizo fupi iliporudi, nilimwambia kweli yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Utairudisha kwa jembe." Nilimlimia jirani shamba siku nne, nikamlipa mama shilingi zake 20,000 mkononi. Ndiyo maana naweza kuandika habari hizi mahali ambapo naye atazisoma.

Wako watakaosema kwamba maandalizi ya roho ni jambo la mtu na Mungu wake, wala watu wengine hawahusiki. Mimi sikubali. Yohana Mbatizaji, ambaye habari zake husomwa katika Majilio, aliulizwa na makutano wafanye nini (Luka, mlango wa 3). Hakuwaambia wazidishe sala. Mwenye kanzu mbili aliagizwa kumgawia asiye nayo. Watoza ushuru, wasitoze kupita kiasi. Askari, wasiwaonee watu. Kila mmoja alipewa kazi iliyomhusu mwenziwe. Tena Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwamba mtu aliyefika madhabahuni, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza kupatana naye (Mathayo, mlango wa 5). Sala ni lazima, lakini sala haiwezi kumlipia mtu deni la kuku wawili.

Hapa shuleni nimewaona ndugu zetu Waislamu wakiombana radhi kabla ya mwezi wa Ramadhani kuingia. Sioni aibu kujifunza kwao.

Nasi tunaokaa bwenini tuna sababu moja zaidi ya kufanya haraka. Kwa kawaida shule hufungwa karibu na mwanzo wa Majilio, na wale tuliowakosea hutawanyika. Uliyemkopa sabuni ni wa Songea, nawe ni wa Bukoba. Utampata wapi tarehe 24 Desemba? Basi kabla ya kufunga sanduku, kitabu cha maktaba kilicho chini ya godoro kirudishwe. Aliyemsingizia mwenzake kwa kiranja na amwendee mwenzake, kisha amwendee kiranja. Na sisi tuliowadanganya wazazi, tukifika nyumbani tusingoje siku ya sikukuu.

Wazazi nao nawaomba neno moja. Mtoto akija kwenu na kosa lake kinywani, msimtimue kwa hasira, maana mwaka mwingine hatakuja. Wala msimwachie bure tu. Jembe la mama lilinifundisha kuliko fimbo, na kuliko kusamehewa bila kulipa.

Nguo mpya si dhambi, wala pilau si dhambi. Lakini mtu anaweza kuvaa na kushiba, na Krismasi ikampita. Mimi mwaka huu nitavaa viatu vile vile, ambavyo soli zake zimeanza kuisha. Nitakaa karibu na mama, na safari hii natumaini nitaimba.

Nawatakieni nyote Krismasi njema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu