KABILA MTOTO: KITI CHA URITHI KILIVYOMTOKEA PUANI

Wadau, hii stori ya jirani zetu wa Congo wengi tunaijua nusu nusu. Ngoja tuipange.

Januari 16, 2001 Mzee Laurent Kabila alipigwa risasi ikulu Kinshasa na mlinzi wake. Siku 10 baadaye mwanae Joseph kaapishwa. Umri miaka 29! Kura hakupigiwa hata moja, wakubwa walikaa wakamvuta dogo. Alikulia hapa Bongo, Kiswahili anakipiga, lakini Kinshasa wengi walikuwa hawamjui.

Tumpe haki yake. Alikubali mazungumzo ya Sun City, na 2003 ikaundwa serikali ya mpito yenye makamu wa rais wanne, wengine ni waasi aliokuwa anapigana nao. 2006 akamshinda Jean-Pierre Bemba raundi ya pili. Hapo angalau aliweza kusema kiti ni cha wananchi, si cha baba.

Shughuli ikaja kwenye kutoka. Januari 2011 katiba ikabadilishwa, raundi ya pili ikafutwa. Desemba akatangazwa mshindi dhidi ya Etienne Tshisekedi, matokeo yakalalamikiwa sana. Muhula wa mwisho uliisha Desemba 2016. Uchaguzi ukafanyika lini? Desemba 2018! Miaka miwili ya danadana, huku vijana wakiandamana na kupigwa risasi.

Januari 2019 akamwachia Felix, mtoto wa yule yule Tshisekedi. Wakatawala kwa ubia, wakaachana mwishoni mwa 2020. Septemba 2025 mahakama ya kijeshi Kinshasa ikamhukumu Kabila kifo bila yeye kuwepo, kwa uhaini na kuwasaidia waasi wa M23. Watu wake wanasema ni siasa tupu.

Sasa mtazameni Felix. Naye chama cha UDPS kakirithi kwa baba. Na 2024 kaanza kuzungumzia kubadili katiba, wakati kifungu cha 220 kinakataza kugusa mihula ya rais.

Mtoto wa mkubwa kugombea ni haki yake, sina neno. Ila kiti ukikikuta nyumbani, unakizoea kama kigoda cha baba, na kukiachia ndio kazi. Anayelipa gharama ni kijana wa Kinshasa aliyekwenda barabarani kudai uchaguzi tu.

Haya wadau, mnasemaje? Felix atatoka kwa wakati, au ndio yale yale?