Endesha Lori, Usilinunue Bado

Mgeni akitua DFW, uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth, kutoka Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago, ushauri hupewa kabla hata masanduku hayajafunguliwa. Akiwa mwanamke, aende shule ya uuguzi. Akiwa mwanamume, achukue CDL, leseni ya kuendesha malori makubwa. Tumeurudia harusini, matangani na penye nyama choma, kana kwamba Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, ndiyo iliyoupitisha.

Wasomaji kadhaa wametuuliza kama ushauri huo bado una maana kwa upande wa malori. Jibu la jarida hili ni kwamba una maana nusu. Kuendesha lori la kampuni ni kazi ya heshima, na kwa mgeni aliye na karatasi zake sawa, ni mojawapo ya milango michache isiyomrudisha shule miaka minne. Kinachotuumiza ni kile kinachofuata baada ya miezi michache: kununua lori. Hapo lawama si ya mgeni peke yake.

Tuanze na uzuri wake. Ukiishi Arlington, Garland au Grand Prairie, kazi iko mlangoni. I-35 inaleta shehena kutoka mpaka wa Meksiko pale Laredo, I-20 na I-30 zinakatiza mashariki hadi magharibi, I-45 inashuka Houston, na maghala ya Alliance, Wilmer na Hutchins hayalali. Hakuna anayekuuliza cheti chako cha Chuo Kikuu cha Nairobi kimekadiriwa na nani. Mwalimu wa Tigania na mhasibu wa Embu mjini wanaingia kwa mlango uleule: kibali cha mwanafunzi, angalau siku 14 za kungoja, kisha mtihani wa barabarani ambao ukaguzi wake wa breki za hewa umewatoa wengi jasho. Tangu tarehe 7 Februari 2022, mafunzo lazima yatolewe na shule iliyo kwenye orodha ya serikali ya shirikisho. Orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu. Itazame kabla ya kumlipa yeyote, hata kama ni binamu yako.

Sasa pesa. Takwimu za serikali za Mei 2024 zinaonyesha kwamba dereva wa kati wa malori makubwa Marekani alipata dola 57,440 kwa mwaka, maana yake nusu walipata zaidi na nusu chini ya hapo. Msaidizi wa muuguzi alipata 39,530, na muuguzi aliyesajiliwa 93,600. Kwa hiyo dereva amemzidi dada yake anayeosha wazee, ila si yule aliyevumilia darasani. Hili tunalitaja kwa sababu penye nyama choma husikika hadithi za elfu kumi kwa mwezi, na msimuliaji husahau kusema kama hapo dizeli na bima zimeshatoka.

Madereva wengi wa masafa marefu hulipwa kwa maili. Sheria inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Dirisha likishafunguka halisimami. Ukifika ghalani saa mbili asubuhi na mlango wa kupakulia ukapatikana saa saba mchana, saa hizo tano zimekwenda. Mara nyingi mbili za kwanza hazilipwi kabisa, na zinazofuata hulipwa kidogo baada ya kubishana. Sheria ya shirikisho ya malipo ya ziada baada ya saa 40 nayo haiwagusi madereva wengi wanaovuka majimbo. Ndiyo maana swali la "wanalipa senti ngapi kwa maili?" halitoshi. Uliza wiki iliyopita dereva wao alipata maili ngapi, alingoja saa ngapi, na alilala nyumbani mara ngapi. Kazi za kurudi nyumbani kila jioni zipo Dallas, lakini nyingi hutaka uzoefu wa mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo mwaka wa kwanza mke na watoto wajue watakuona kwenye simu.

Wengi wetu tumekua tukizitazama Hilux za miraa zikitoka Maua kuelekea Nairobi, dereva akishindana na jani linalonyauka. Pale mwendo ndio mshahara. Hapa saa za kazi hurekodiwa na kifaa kilichounganishwa na injini, kilichoanza kuwa lazima Desemba 2017, na mwendo wa kasi unakuachia faini na alama ambayo kampuni ya bima itaisoma kabla ya mwajiri. Dereva mzuri wa Meru ana mengi ya kusahau.

Na kwa kuwa tumeitaja miraa, tuseme wazi jambo ambalo watu wetu hulizungumza kwa kunong'ona. Kenya ilitambua miraa kuwa zao rasmi mwaka 2016, na mwaka 2024 kaunti za Pwani zilipotangaza kuipiga marufuku muguka, ndugu yake miraa, Embu ilisimama kuitetea. Huo ni mjadala wa nyumbani, na sisi pia tuna mashamba huko. Marekani, kathinoni iliyo ndani ya jani bichi imewekwa kwenye daraja moja na heroini, na kanuni za madereva zinamkataza dereva hata kuwa nayo akiwa kazini. Tangu Januari 2020 kuna hifadhidata ya shirikisho ambamo kosa la dawa za kulevya au kukataa kupimwa huandikwa, na kila mwajiri hulisoma. Kifurushi cha majani hayo kutoka kwa mjomba kinaweza kukugharimu leseni yote. Bangi ni hivyohivyo, hata ukinunua katika jimbo linaloiruhusu.

Karatasi pia. Mwenye grini kadi hana tatizo hapa, anapata leseni ya kawaida. Lakini mwenye kibali cha kazi peke yake, au anayengoja kesi ya hifadhi, asilipe shule hata senti moja kabla ya kuzungumza na wakili. Septemba 2025 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni ya dharura ikizibana leseni za watu wa kundi hilo, Texas ikasimamisha kuzitoa, na mambo yakafika mahakamani. Kiingereza nacho kimerudi kuwa sababu ya kutolewa barabarani tangu Juni 2025. Watu wetu wengi wanakijua, ila jizoeze kumjibu askari taratibu na kwa sentensi kamili.

Turudi kwenye kununua, maana ndiko pesa za jumuiya zinakopotelea. Mwaka 2021 bei za mizigo zilipanda sana, na waliokuwa na lori lao walionekana wametajirika. Kufikia 2022 bei zilianza kuporomoka. Agosti 2023 kampuni ya Yellow, yenye wafanyakazi wapatao 30,000, ilifilisika. Mwenye lori moja, bima inayofidia angalau dola 750,000 na deni la benki angeshindana na nini? Wengine wameingia mikataba ya kukodi huku wakinunua, ambapo kampuni inayokupa mzigo ndiyo inayokukata malipo ya lori. Januari 2025 jopo lililoundwa na serikali kuchunguza mikataba hiyo lilipendekeza ipigwe marufuku. Wengine hulipwa kwa fomu ya 1099, kama wakandarasi na si waajiriwa, na kuishia kudaiwa asilimia 15.3 ya kodi ya kujiajiri mwezi wa Aprili, ilhali wao waliiona hundi nzima kuwa yao.

Kuna la zaidi kwa vijana wa miaka 25. Tarehe 1 Mei 2025 kampuni ya Aurora ilitangaza kuanza kupeleka mizigo ya wateja kati ya Dallas na Houston kwa malori yasiyo na mtu kwenye usukani, ingawa wiki chache baadaye mtu alirudishwa kukaa kitini kwa ombi la watengenezaji wa lori. Hatudhani kazi itaisha kesho. Tunadhani tu kwamba deni la miaka sita juu ya lori la I-45 lahitaji mahesabu zaidi kuliko ujasiri. Kijana huyo atumie mshahara wa lori kusomea jambo jingine, hata ufundi wa hayohayo malori.

Tunajua vyama vyetu kadhaa vimeombwa kudhamini mikopo ya malori mwaka huu, na huwa vigumu kumkatalia mtu wa kwenu. Pendekezo letu kwa kamati ni kwamba kila ombi lije na vitu vitatu: pesilipu za miezi 24 za kuendesha lori la mtu mwingine, bei ya bima iliyoandikwa na wakala, na mkataba wa mzigo wenye jina la mteja. Asiye navyo arudishiwe fomu yake, tena bila mchango wa pembeni wa kumfariji.