Maoni: Turushe michezo kwa mtandao tulio nao

Vijana wengi wa Lubumbashi na Bukavu wanaorusha michezo ya video moja kwa moja kwenye intaneti wanaponzwa na kosa moja: kuiga mipangilio ya watu wa Ulaya. Katika OBS Studio, programu isiyolipiwa, wanaweka picha ya 1080p, fremu 60 na kilobiti 6,000 kwa sekunde. Hapo saa moja inakula zaidi ya giga 2.7. Mega zinaisha, picha inaganda, watazamaji wanaondoka kabla ya mapumziko.

Kwa maoni yangu, tuanze na mtandao tulio nao. Pima kasi ya kutuma, si ya kupokea, tena saa ileile ya jioni unayorusha. Kisha tumia theluthi mbili tu ya kasi hiyo. Picha ya 720p, fremu 30 na kilobiti 2,500 inatosha. Saa moja itakula giga 1.2 hivi. Sauti usiibane: mtu huvumilia picha hafifu, lakini sauti inayokatika humfukuza.

Picha safi isiyomfikia mtazamaji ni pesa iliyotupwa. Afadhali ya wastani, ifike hadi dakika ya mwisho.