Nyota Iliwaongoza Mamajusi. Na Wale Watoto Wengine?

Leo naandika kitu ambacho nimekihepa karibu mwaka mzima. Kitanifanya nionekane vibaya, lakini wacha tu niseme.

Desemba iliyopita nilikuwa steji hapa Makutano, Meru, mapema asubuhi, nikitafuta mat ya kwenda Nanyuki. Kama unaijua Makutano wiki ya Krismasi, sina haja ya kukueleza. Magunia ya viazi, kuku wamefungwa miguu, makanga watatu wanakuvuta kila mmoja upande wake. Gari la kwanza lilikuwa limeshajaa, lakini kondakta akaniambia, "Ingia tu buda, mtabanana." Nikakataa. Sababu? Nilikuwa na raba mpya nyeupe na sikutaka zikanyagwe. Basi. Nikangoja gari la pili.

Lile la kwanza halikufika. Tulilipita njiani likiwa limelala kwa ubavu, watu wamejaa barabarani, wengine wamefunikwa leso.

Jioni hiyo nikaposti. Niliandika kwamba Roho Mtakatifu alininong'oneza nisipande, kwamba Mungu huwalinda walio wake, na nikamalizia na picha ya nyota ya Bethlehemu, maana ilikuwa msimu. Sikutaja raba. Posti ilienda mbali kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Amina zikamiminika. Halafu katikati ya zile amina, msichana mmoja akaandika swali moja: "Kwa hivyo kaka yangu hakunong'onezewa?"

Nilifuta posti. Sikumjibu. Sikujua nimjibu nini.

Tangu siku hiyo nimesoma Mathayo sura ya 2 mara nyingi kuliko vile nimewahi kusoma kitu chochote cha shule. Na nataka kuwaambia wasee wangu: hii hadithi ya Krismasi tunaihubiri nusu.

Fikiria maigizo ya kanisani kwenu. Malaika wana mabawa ya karatasi, mamajusi wamevaa pazia la mtu, mtoto ni mwanasesere, na mwisho kila mtu anaimba. Tunaishia kwenye zawadi. Lakini Mathayo haishii hapo. Mamajusi wanafika Yerusalemu na kuuliza mfalme wa Wayahudi amezaliwa wapi. Habari inamfikia Herode, mfalme ambaye tayari amekalia kiti. Ona hapo: walikuwa wameona nyota, walikuwa watu wa nia njema, na bado swali lao ndilo lililomwamsha muuaji. Kuongozwa na Mungu hakukuwazuia kutaja jambo hatari mahali pabaya.

Baadaye wanaonywa katika ndoto wasirudi kwa Herode, wanapita njia nyingine. Yusufu naye anaota: amka, mchukue mtoto na mama yake, kimbilia Misri. Herode akigundua amechezwa, anatuma watu Bethlehemu na vijiji vya karibu wawaue watoto wote wa kiume wenye miaka miwili kushuka chini.

Wale watoto walikuwa na baba pia. Hakuna mahali tunaambiwa baba hao waliota chochote.

Hapo ndipo nilikwama. Ukisema "Mungu alimlinda mtoto Yesu kwa sababu alimpenda", umewaambia nini akina mama wa Bethlehemu? Ni kile kile nilichomwambia yule msichana, na bado nikaweka picha ya nyota juu yake.

Lakini kuna kitu Mathayo anafanya ambacho mimi sikufanya. Hawafichi. Angeweza kuruka kutoka ndoto hadi Misri, hadithi ikabaki tamu. Badala yake anasimama, anakitaja kifo cha wale watoto, na analeta kilio cha Raheli kutoka kwa nabii Yeremia, mama anayewalilia wanawe. Hakitafutii kile kilio maelezo, wala hasemi kwamba wale watoto walikosa imani au wazazi wao hawakuomba. Kanisa Katoliki limewatengea siku yao, tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Krismasi. Wengi wetu siku hiyo bado tunamalizia chapati.

Kitu cha pili nilichoona ni jinsi ulinzi wenyewe ulivyokuja. Sikuona ukuta wa moto hapo, wala jeshi la malaika likimzuia Herode mlangoni. Niliona neno moja usiku, na mwanamume aliyeamka usiku huo huo, hakungoja kupambazuke. Niliona nchi jirani ambayo mkono wa Herode haukuifikia, ambako familia maskini ya wakimbizi iliweza kukaa. Ukiniuliza, Misri yenyewe ilikuwa sehemu ya ulinzi. Mtu fulani huko, ambaye jina lake halikuandikwa, aliwapangisha chumba.

Sasa njoo nyumbani, kwa sababu Kenya tuna hadithi yetu ya msimu huu huu.

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa na al-Shabaab. Abiria wasio Waislamu walitengwa, na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu, shule zimefungwa, wanarudi makwao kwa likizo. Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Krismasi, basi lingine likavamiwa karibu na El Wak likielekea Mandera. Mpango ulikuwa ule ule: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa. Akina mama wakawapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi. Alifia hospitalini Nairobi mwezi uliofuata, Januari 2016.

Watu wawili waliuawa siku hiyo njiani, kwa hivyo siwezi kusema ilikuwa muujiza usio na damu. Lakini wengi walifika nyumbani kwa Krismasi kwa sababu jirani yao wa kiti cha basi alikataa kusogea.

Niambie sasa. Mungu aliwapenda wale wa 2015 kuliko wale 28 wa 2014? Mimi siwezi kusema hivyo, na yeyote anayesema hivyo aende akaseme mbele ya mjane wa mmoja wa wale walimu. Najua kuna mtu ataniambia, "Wewe unapunguza nguvu za Mungu." Hapana. Naamini Mungu anaonya na anaongoza. Mathee wangu huombea hata gari la jirani kabla halijatoka kwenye ploti, na sitaki aache. Ninachokataa ni kulifanya neno "alinilinda" kuwa cheti cha kuonyesha wengine kwamba nilikuwa mtoto kipenzi na wao hawakuwa.

Mtu aliyeponea chupuchupu ana haki ya kushukuru. Shukuru! Piga magoti ulie. Lakini Yusufu hakupewa ile ndoto ili apate ushuhuda. Alipewa kazi: kuna mtoto hapa, inuka umbebe. Nadhani hivyo ndivyo unavyojua kama kweli uliongozwa. Kuna mtu mwingine aliyepata usalama kwa sababu yako, au ni wewe tu uliyepata laiki?

Na Makutano hii kazi iko wazi kabisa. Tunapanda gari lililobandikwa stika ya damu ya Yesu kwenye kioo, limebeba watu kupita kiasi, dereva ana mbio za kuwahi trip ya tatu, na sisi wote ndani tumenyamaza. Tunaogopa kuitwa washamba. Mtu mmoja akisema, "Dere, punguza, tuna watoto hapa," gari lote linamwangalia kama mwenda wazimu. Mimi nimeanza kuwa huyo mtu. Nimeshushwa mara moja, nikadaiwa nauli yote, na raba zikachafuka. Sawa tu.

Sijui kama siku ile raba zangu zilikuwa sauti ya Mungu. Labda anaweza kutumia hata kiatu. Lakini nikikataa kupanda kwa sababu ya kiatu, halafu nikawaacha wengine waingie bila kumwambia kondakta kwamba hilo gari limejaa kupita kiasi, siwezi kujiita mamajusi. Nilikuwa mtu aliyeona gari limejaa na akanyamaza.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule msichana. Nilimwandikia ukweli, pamoja na habari ya raba, na nikaomba msamaha. Alisoma. Alikaa siku mbili. Halafu akanitumia jina la kaka yake na mambo mawili aliyopenda, na akasema nisiyaposti.

Siyaposti. Lakini tarehe 28 mwezi huu nitakuwa kanisani, siti ya nyuma, na jina hilo nitakuwa nalo. Wewe kama una jina la mtu wa kukumbukwa siku hiyo, usilazimike kuliandika hapa. Njoo nalo tu. Na ukipanda gari kurudi ocha msimu huu, sema neno mapema, kabla halijatoka steji.