Si uvivu, ni joto la mwili

Je, umewahi kumwona msichana akifokewa uwanjani kwa kuomba maji au kivuli mapema kuliko wenzake? Wengi wetu humwita mvivu. Hilo ni kosa.

Yai linapopevuka na kutoka, yapata siku ya 14 kwa mwenye mzunguko wa siku 28, mwili huanza kutoa homoni ya projesteroni kwa wingi. Homoni hii hupandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 za Selsiasi, na hali hiyo hudumu hadi karibu na hedhi. Siku hizo jasho halianzi kutoka mpaka mwili upate joto zaidi kuliko kawaida. Kwa hivyo, katika jua kali la Mombasa au Kisumu, huenda msichana akahisi joto mapema.

Hata hivyo, hiyo si sababu ya kumwondoa michezoni. Tofauti ni ndogo, na mwenye afya njema aweza kukimbia mwezi mzima. Mazoezi yafanywe asubuhi au jioni, maji yawe karibu, na anayeona kizunguzungu apumzishwe kivulini mara moja.

Kocha anayewanyima wachezaji maji eti wawe wakakamavu anahatarisha maisha yao. Nawe mzazi, zungumza na bintiyo bila haya. Akizijua siku zake, hatadhani kwamba mwili wake una kasoro.